Mafundo ya Kapu Letu

Jumamosi, 3 Mei
Wiki ya pili katika nyumba hii, na leo ndiyo mara ya kwanza nimekwenda soko la wakulima, pale uwanja wa shule. Baba ndiye aliyenifukuza — amechoka, anasema, kulishwa nyanya za kopo na mwanawe wa kumzaa. Mama mwenye nyumba alishanieleza utaratibu. Hakuna mizani. Kila nyumba ina kapu lake, wakulima wanalijaza kwa idadi ya walaji, na kwenye mshikio wanafunga kamba: fundo moja, mtu mmoja. Jumamosi inayofuata unarudisha kapu tupu.

Nimefika na maelezo yangu mdomoni, kumbe kapu letu limeshajazwa! Mafundo mawili. Mimi na Baba. Nani kawaambia? Bibi anayefunga kamba — wote wanamwita Bibi Kamba — hakuinua hata macho. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwokaji mikate, alikuwa anachukua la kwake. Akacheka: usimuulize huyo, atakuhesabia hata meno. Basi, mtaa una macho. Walituona tukishusha vitanda.

Mchicha wao ni mzuri lakini. Siwezi kusema uongo.

Jumamosi, 10 Mei
Matatu!

Nikamwambia Bibi, kwetu tuko wawili. Akasema, mtakuwa watatu, na akaendelea na kamba ya mwingine. Mimi nasahihisha vitabu vya hesabu vya shule, ndiyo kazi inayoniweka mjini. Nimewakosoa maprofesa. Leo nimeshindwa na bibi wa karoti, na karoti zenyewe nimezibeba. Baba kafurahi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni gani, Baba? Hatujui mtu hapa.

Jumatatu, 12 Mei
Dada kaja. Hakupiga simu. Sanduku moja, ndala miguuni, mkono wa kushoto kauficha ndani ya mtandio. Kasema tu, amerudia tena. Mume wake. Baba alikaa naye jikoni, akammenyea chungwa.

Jioni nilipika. Mboga zimetutosha watatu barabara, hazikuzidi hazikupungua. Nikaacha kula.

Jumamosi, 17 Mei
Mawili.

Nimeyahesabu kwa kidole mara nne. Leo kulikuwa na msongamano, makapu yote yanafanana, mwokaji ananipigia porojo sikioni, nikanyakua la kwetu nikaondoka. Njiani ndipo nikaiona kamba. Nikarudi mbio. Bibi, nani anapungua? Alikuwa ameinama kwenye vitunguu, hata kapu hakulitazama. Mimi nafunga tu, mwanangu, simwondoi mtu.

Nimefika nyumbani, Baba anakohoa.

Jumapili, 18 Mei
Kakohoa asubuhi nzima. Moyo wake, daktari alishasema, ni wa kubembelezwa. Nakaa mlangoni kwake nasikiliza kati ya kikohozi na kikohozi. Naogopa kile kimya.

Tatu toa moja ni mbili. Hesabu haisemi atoke yupi. Dada akirudi kwake, tutabaki wawili, fundo limetimia na hakuna aliyekufa. Nimeandika hivyo, na sasa naona aibu kuisoma.

Jumanne, 20 Mei
Nimemwambia. Ndoa ni kuvumiliana, Dada. Shemeji amepiga simu, anaomba msamaha. Nyumba yenyewe ndogo. Mimi! Niliyemshika sikio miaka sita kwamba amwache. Alinitazama sana. Unanifukuza, mdogo wangu? Nikasema hapana — huku namkunjia nguo.

Jumatano, 21 Mei
Ameondoka saa tatu asubuhi. Baba hakutoka kumuaga.

Kikohozi kimepoa. Kabisa! Mchana Baba kaniuliza, haya, umeridhika? Nikajifanya ninafuta meza.

Ijumaa, 23 Mei
Mwokaji amefariki. Jana, akikanda unga, alianguka papo hapo. Nilikwenda kumpa pole mkewe. Kwao walikuwa watatu: yeye, mke, binti. Jikoni nikaliona kapu lao la Jumamosi, kamba bado iko. Mafundo matatu.

Matatu, na mtu kafa! Basi Bibi Kamba hajui lolote, anakisia tu kama sisi. Kicheko kilinipanda pale pale msibani, Mungu anisamehe, nikakizuia kwa leso, wakadhani nalia. Kisha kikanikauka. Kama hajui lolote, mimi Dada nimemtoa kwa nini?

Nimempigia mara mbili. Hapokei. Amenuna, na ana haki.

Jumamosi, 24 Mei
Naandikia kwenye benchi la shule, soko liko mbele yangu.

Nilikuja kumsema Bibi. Kabla sijafungua mdomo akanishika kiganja. Nisamehe, mwanangu. Jumamosi ile mlibadilishana makapu, wewe na mwokaji. Nimegundua jana, nilipoletewa habari ya msiba. La kwenu lilikuwa la watatu.

Dada alikuwa akae. Alikuwa akae kwetu!

Nikamwambia, basi leo nifungie matatu. Akafunga la kwanza. Akafunga la pili. Akasimama na kamba mkononi, akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza njia: wa tatu umempeleka wapi?

Nimepiga simu. Ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Kapokea shemeji. Sauti ya asali, shemeji habari za siku nyingi. Eti Dada amelala. Saa nne hii ya asubuhi! Dada, anayewaamsha majogoo! Nikasema, mwamshe. Kachoka, kasema, mwache apumzike. Nikasema, shemeji, mwamshe nimsikie.

Hajakata. Simu ameiweka mahali, nadhani chini, na mimi bado ninayo sikioni. Nasikia maji yanamiminwa. Ndoo inaburutwa. Sasa brashi, inasugua, inasugua, inatulia, inasugua tena. Anaosha sakafu. Mwanamume ambaye tangu amuoe dada yangu hajawahi kushika hata ufagio.