Matofali Manne na Kidhibiti Mwendo

3 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti lako limepunguza kelele. Mimi sijambo, isipokuwa mabega, maana toroli za mashuka hazijui Jumapili.

Nakuandikia kwa sababu nimekwama, na mtu pekee ninayemjua aliyesuka nyaya za mota miaka thelathini ni wewe. Hapa hospitalini maabara iko chini na wodi ya wazazi iko juu, na kati yake kuna njia ndefu ya mteremko, hatua tisini. Nimezihesabu nikisukuma. Kila sampuli ya damu inashushwa kwa miguu, na majibu yanapandishwa kwa miguu. Wiki iliyopita muuguzi wa zamu alibaki peke yake na akina mama sita. Alishuka mbio na kichupa mkononi, akapanda mbio, na alipofika juu mtoto alikuwa ameshazaliwa bila yeye. Mama na mtoto wako salama. Muuguzi ndiye aliyelia.

Basi ninaunda gari. Daktari mmoja alinipa mabaki ya gari la mwanawe la kuchezea, lile kubwa la mbio linaloendeshwa kwa rimoti. Nina mota, magurudumu, betri na rimoti. Fremu nimeikata kutoka toroli mbovu, na juu yake linakaa sanduku la barafu. Anayesimama chini anaiona njia yote, kwa hiyo anaweza kulipandisha gari bila kutoka mlangoni. Kilichoungua ni kile kisanduku kinachokaa kati ya betri na mota, kidhibiti mwendo. Dukani wanavyo vya kila namna. Muuzaji akaniuliza, "Unataka cha ampea ngapi?" kama anayeniuliza saizi ya kiatu. Nikaondoka na aibu yangu.

Fundi mkuu wa hospitali amesema hivi, mbele ya watu: "Kiberiti, ukilipandisha hilo gari hadi wodini, sanduku limejaa, Matroni anaona, nakutoa kwenye mashuka nakuleta karakana. Likishindwa, barua ya tatu ya maombi usiniletee." Unajua zile mbili ziliishia wapi. Jaribio ni tarehe 20 Machi.

Nichague kipi?

Mpwa wako,
Kiberiti

10 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linasalimu. Limekuwa na maoni kuhusu kila ngazi, lakini tunaelewana. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa kalamu mkononi.

Nianze na kazi yenyewe, maana mtu hawezi kuchagua chombo asichojua kinafanya nini. Betri haijui kutoa kidogo kidogo. Ukiiunganisha na mota moja kwa moja, mota inapewa yote. Kidhibiti kinakaa katikati kama mtu aliyeshika bomba, analifungua na kulifunga maelfu ya mara kwa sekunde. Akiliacha wazi muda mrefu kuliko anavyolifunga, gari linakwenda kasi. Akifanya kinyume, linatambaa. Rimoti inamwambia tu kiasi gani. Mkono huo ukiwa dhaifu kuliko maji yanayopita, utaungua. Hizo ndizo ampea alizokuuliza muuzaji, wala hakukutukana.

Sasa iangalie mota yako. Ikiwa ina nyaya mbili, ni ya brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Ikiwa na tatu, haina brashi, na kidhibiti cha aina moja hakiendeshi mota ya aina nyingine, hata ukikibembeleza. Kisha soma volti zilizoandikwa kwenye betri, na uhakikishe kidhibiti kinazikubali. Kiwe na uwezo wa kurudi nyuma, na kiwe na breki. Kijizime chenyewe betri inapokaribia kwisha, maana betri za namna hiyo zikikaushwa kabisa zinakufa.

Ampea usizikisie, zipime. Liweke gari juu ya matofali manne, magurudumu yaelee hewani, fungua mwendo wote, usome mita kwenye waya wa betri. Namba utakayoipata izidishe mara tatu. Ndivyo nilivyopima kila mota iliyotoka mezani pangu, ndivyo nilivyofundisha chuoni, na hakuna mota yangu iliyorudishwa.

Nakala ya barua hii ninayo, kwa karatasi ya kaboni, kama kawaida yangu. Ukija kudai sikukwambia, nitakuonyesha.

Na usiunguze nyumba ya mtu. Jina lako ulilipata ukiwa na miaka tisa, kwa waya wa redio yangu.

Shangazi yako

24 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na habari za goti? Huku kwema kabisa.

Nyaya ni tatu. Mita ilisoma ampea saba juu ya matofali. Mara tatu ni ishirini na moja, nami nimenunua cha thelathini, kwa hiyo hata wewe ungesema nimejihami. Muuzaji alitaka kunipa cha themanini, chenye tundu la ziada la waya mwembamba, eti wa sensa. Nikamwambia, "Shangazi yangu ana hesabu zake, kaka, wewe baki na zako." Wateja walicheka, na yeye pia.

Jana nimelijaribu kwenye ukumbi wa chini, sanduku limejaa. Lilikwenda kama limetumwa na mtu anayelisubiri! Wahudumu wa mashuka wanalipigia saluti.

Kwenye mteremko sijalipeleka. Fundi mkuu hataki nizuie njia kabla ya siku yenyewe.

Mpwa wako,
Kiberiti

28 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima. Tarehe 20 imepita na nane zimefuata, na mimi bado nasikiliza hatua za mleta barua. Najua kazi mpya ina shughuli nyingi. Nipe mistari miwili tu.

Shangazi yako

19 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sikuulizi kuhusu gari. Nakuuliza kuhusu wewe.

Shangazi yako

2 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na haya, na haya ikikaa muda mrefu inakuwa uvivu.

Gari lilifika nusu ya njia. Mwanzoni lilitetemeka, likasita, likashika mwendo. Kwenye hatua ya arobaini na kitu likapunguza, nikaongeza mwendo, nikasikia harufu niliyoijua tangu redio yako. Moshi ukatoka chini ya sanduku. Kisha likaanza kurudi nyuma lenyewe, pole pole kwanza, baadaye si pole pole. Mhudumu mmoja alilizuia kwa mguu. Sanduku lilikuwa na chupa za maji tu, hakuna kilichopotea ila heshima. Fundi mkuu hakucheka. Alisema, "Jina limefanya kazi yake," akaondoka. Wengine walicheka kwa niaba yake.

Nimechagua vibaya, Shangazi. Wewe ulieleza vizuri, mimi ndiye sikuelewa mahali fulani. Nimerudi kwenye mashuka. Muuguzi yule aliyekimbia na kichupa anapita kila siku ananiuliza, "Gari letu lini?" Naongeza mwendo wa toroli.

Mpwa wako

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Sasa keti, maana mimi nimesimama tangu asubuhi.

Nilipomaliza kukusoma nilikwenda kwenye faili la nakala nikatafute ni wapi hukuelewa. Nimesoma barua yangu ya tarehe 10 Februari kama ninavyosahihisha karatasi ya mwanafunzi, na kosa nimelipata. Ni la kwangu. Nimekuambatanishia nakala yenyewe, na wino mwekundu nimetia mwenyewe. Pale penye matofali manne nimejipa sifuri.

Sikiliza. Kazi yangu ilikuwa kusuka mota na kujua kama nimeisuka sawasawa. Ili kujua hilo unaizungusha bure, mezani, bila mzigo. Ikila umeme mwingi bila kazi, ina kasoro. Baada ya hapo ilichukuliwa na watu wa pampu, na wao ndio walioipima ikivuta maji. Mimi sikuwa huko. Miaka thelathini nimepima mota zikiwa hazifanyi lolote, nikaona fahari kwamba hazikurudishwa, nikakufundisha hivyo hivyo. Gari lililo juu ya matofali halijui mteremko. Ulinitii, ndiyo maana kikaungua.

Muuzaji wako alikuwa sahihi. Nenda ukamwambie.

Sasa tupime kazi yenyewe. Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano wanayopimia samaki sokoni. Ondoa gia ili magurudumu yazunguke huru, funga ndoano mbele ya gari, sanduku limejaa, ulivute kwenye mteremko kwa mkono wako. Niandikie mizani inasoma kilo ngapi likiwa linakwenda, na ngapi linapoanza tu kuondoka. Pima na kipenyo cha gurudumu. Hesabu meno ya gia kubwa na ya gia ndogo. Mota ile ni ya mbio, imezoea kukimbia haraka na kubeba kidogo, nasi tumeipa mzigo na mwendo wa mtu anayetembea. Mota ikilazimishwa kuzunguka taratibu chini ya mzigo ndipo inapokunywa ampea bila haya.

Na kule kutetemeka mwanzoni kumenifundisha jambo la pili. Kidhibiti chako kilikuwa kinakisia mota imekaa upande gani. Ikishaanza kuzunguka, kinajua. Ikiwa imesimama, ni kama mtu anayeingia chumba chenye giza, anapapasa. Ule waya mwembamba wa sensa, kitambuzi kinachosoma mota imekaa vipi, ndio taa.

Kuhusu fundi mkuu, usimwendee. Aliyepoteza zaidi gari lilipokwama si wewe, ni muuguzi yule. Mwambie ukweli wote, pamoja na matofali, umwache yeye azungumze na Matroni.

Nami nimekwenda chuoni leo. Nimewaambia walimu wa sasa wasifundishe matofali yangu bila mteremko. Mmoja wao niliwahi kumfelisha. Alifurahi kupita kiasi.

Shangazi yako, anayeomba radhi

21 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Shangazi hamwombi radhi mpwa, nitaambiwa nini na watu? Lakini karatasi yenye wino mwekundu nimeisoma kila siku tangu ifike.

Likiwa linakwenda: kilo moja na nusu. Linapoanza: mbili na robo. Gurudumu: sentimeta kumi na mbili. Gia kubwa meno themanini, ndogo kumi. Wauza samaki wameniuliza nimevua nini.

Muuguzi amezungumza. Matroni amesema, "Aje mara moja tena." Tarehe 28 Juni.

Kiberiti

29 Mei

Mwanangu,

Salamu. Hesabu nimeifanya mara tatu na mwalimu yule niliyemfelisha ameihakiki. Kwa mota ile na gia zile, ulikuwa unadai ampea arobaini na zaidi njia nzima, na kwenye kuondoka zaidi ya sitini. Cha thelathini kilijitahidi sana, kipe heshima zake.

Chagua mota ya polepole, yenye sensa. Gia ndogo iwe ya meno sita badala ya kumi, au pachika jozi ya pili ya gia. Mzigo utashuka hadi ampea ishirini hivi. Hata hivyo nunua kidhibiti cha themanini, chenye tundu la sensa, maana kifaa kinachofanya kazi kwa robo ya nguvu zake hakipati joto. Kisha fungua mpangilio wake utafute breki ya kushikilia, ile inayofunga gurudumu unapoachia rimoti. Kiwandani huwa wameiacha imezimwa. Iwashe. Gari lako halitahukumiwa likiwa linapanda. Litahukumiwa likisimama.

Na ulijaribu kwenye mteremko wenyewe, safari hii, hata kama ni saa ya chakula na watu wanakula wakikutazama.

Shangazi yako

4 Julai

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, shikamoo tena. Goti liko wapi? Liambie likae chini lisikie.

Muuzaji nilimwambia kama ulivyoagiza. Alisema, "Mwambie shangazi namsalimu, na hesabu zangu bado ninazo."

Siku yenyewe walijaa. Waliokuja kucheka walikaa karibu na mlango. Nililipandisha gari taratibu, halikutetemeka, likapita hatua ya arobaini ambapo sakafu bado ina alama nyeusi. Nikaanza kupumua. Ndipo Matroni, aliyekuwa amesimama pembeni na faili lake, akaingia katikati ya njia mbele ya gari. Makusudi! Niliachia rimoti. Gari likasimama pale pale, kwenye mteremko, sanduku limejaa, kana kwamba limepanda mizizi. Halikurudi hata unywele. Matroni akalitazama, akanitazama, akahesabu kimya kimya, nadhani hadi thelathini. Kisha akapisha. Nikagusa rimoti, nalo likaondoka kutoka kusimama, laini, kama mtu anayeinuka kwenye kiti. Muuguzi alilipokea juu kwa mikono miwili kama anapokea mtoto.

Fundi mkuu aligusa kidhibiti kwa mgongo wa kiganja. Kilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichosahauliwa. Akaniuliza, "Nani alikufundisha kupima kwa mizani ya samaki?"

Nikasema, "Shangazi yangu."

"Na kile cha kwanza, kilichoungua, nani alikufundisha kukichagua?"

Nikasema, "Shangazi yangu huyo huyo." Akacheka hadi akaegemea ukuta. Nikamtajia na goti lako, akasema mtu kama huyo angemwajiri hata na goti.

Jana gari limeshusha vichupa kumi na vinne. Zamu zote hakuna muuguzi aliyeshuka.

Karatasi yako ya wino mwekundu haiko nyumbani tena. Nimeibandika ukutani karakana, mahali ambapo kila anayeleta mota ataiona, na chini yake nimepanga matofali manne. Nitayatumia, lakini kwa kupima usukaji tu. Yako juu ya meza yangu ya kazi.

Nimeandika "meza yangu", Shangazi, kisha nimeweka kalamu chini kidogo, nikarudi kuisoma.

Mpwa wako,
Fundi Kiberiti