Pembe ya Lefse Yako

Dada Zuhura wangu,

Madamu ameniuliza tena leo kama zile lefse ulizopika zimebaki. Nikamjibu zimekwisha. Mwongo mimi! Ipo moja, nimeificha kwenye kopo la biskuti chini ya nguo zangu.

Unakumbuka siku yangu ya pili kazini hapa Al Wukair, ughaibuni? Ulikwenda kuwachukua watoto shule, mimi nikafungua kabati nikakuta mikate myembamba, mipana kama sinia, imekauka kau. Nikasema loo, hawa watu wa Norwei hawajui hata kutupa mkate uliolala! Nikaivunjavunja yote, nikawamwagia njiwa uani. Kumbe ilikuwa lefse, kazi yako ya siku nzima, na ndivyo inavyowekwa, kavu, ikae miezi. Madamu alipokuja juu ukasimama mbele yangu: "Ni mimi, madamu. Nilidhani imeharibika." Wewe, uliyekuwa ukiwapikia kwa miaka sita! Hakuamini, ila aliliacha lipite.

Jioni ukanifundisha. Unainyunyizia maji, unaifunga kwenye kitambaa kibichi, unasubiri. "Usiiharakishe, mdogo wangu, itaamka yenyewe." Ikalainika kweli. Ukaipaka siagi, ukanyunyiza sukari na mdalasini, ukaikunja, maana wenyewe ndivyo wanavyoipenda. Yetu ya Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, tuliiviringishia dagaa wa kukaanga na pilipili. Na nilivyokutania! Hukuwahi kusukuma duara hata siku moja. Kila lefse ilitoka na pembe upande mmoja. "Inakwenda tumboni, haiendi harusini," ukanijibu.

Kisha ukaenda likizo Tanga, ukaacha umepika bunda zima wasije wakapungukiwa. Siku ya tisa kaka yako akanipigia simu, nipo jikoni nakata vitunguu. Asubuhi ulilalamika kichwa, adhuhuri hupo, alasiri umezikwa. Hata ningepanda ndege saa ile ile nisingewahi. Sikukuosha, dada. Sikukushika hata mguu. Nikamaliza kukata vile vitunguu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Lefse zako zikaliwa moja moja hadi ikabaki hii. Wiki iliyopita madamu akaniambia nisukume mpya. Nimesukuma kumi na mbili, zote duara, duara kabisa. Yule mtoto wao mdogo akaisukuma sahani yake, akasema kwa Kiswahili ulichomfundisha, "Hizi si za Dada Zuhura." Mpaka leo hataki kuzigusa, ndiyo maana mama yake ameniuliza tena.

Nami nimemnyima. Kila Ijumaa naitoa kwenye kopo, napitisha kidole kwenye ile pembe, nairudisha. Nina uchoyo, dada, naogopa kwamba ikiliwa sitabaki na chochote ulichokishika. Lakini mtoto yule amekulilia kama mimi, na hana hata kopo.

Basi nimelowesha kitambaa. Ninavyokuandikia lefse imo ndani yake, hapa mezani, na nimeigusa sasa hivi. Imeanza kulainika. Itaamka, kama ulivyosema, na wewe hutaamka, na moyo wangu haujakubali hata kidogo.

Mtoto akirudi kutoka shule tutaila wawili, kwa siagi na sukari. Pembe nitampa yeye.

Mungu akulaze pema, dada.

Mdogo wako uliyemfichia kosa