Pini ya Baskeli ya Baba

Mkunazini,
Unguja.
Ijumaa, 16 Machi 1956
(mwezi 3 Shaaban 1375)

Mpendwa mdogo wangu Shaame,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kigoma, wewe na mkeo Bi Tabia na mwanenu Wanu, ambaye mpaka leo tunamjua kwa jina tu. Je, kifua chako kimepoa? Katika barua yako ya Idd ulimwandikia Mama kwamba upepo wa ziwani unakukohoza. Chemsha tangawizi, utie karafuu mbili, unywe kabla ya kulala. Hilo unalijua, lakini mimi nimezoea kueleza.

Sisi huku hatujambo. Mama yu mzima, ila magoti yanamsumbua na ngazi hapandi tena, kwa hivyo tumemhamishia chumba cha chini. Mke wangu Bi Mwanapili anakusalimu sana. Mimi nimestaafu tangu Januari. Baada ya miaka thelathini ya kwenda kusomesha skuli, sasa naamka, navaa, kisha nakaa barazani bila ya pa kwenda.

Kwa kukosa kazi nimeishusha baskeli ya Baba. Ilikuwa imetundikwa stoo miaka sita, tangu ulipoondoka. Nivumilie nikueleze kazi yenyewe, maana ndani yake limo jambo ninalotaka kukwambia, na sijui njia nyingine ya kulifikia.

Unaukumbuka ugonjwa wake: pale chini katikati, ekseli ya pedeli inapopita ndani ya bomba la fremu. Ukikanyaga inalia, ukiishika mikono ya pedeli ukaitikisa, inacheza. Nilikwenda Darajani kwa Mzee Jaku, yule fundi uliyekuwa ukishinda kwake udogoni, nikanunua ekseli mpya, vikombe viwili vya chuma vinavyoshika gololi, gololi zenyewe na pini mbili. Alitaka nimpelekee aifanye yeye. Nikamwambia nataka kuifanya nyumbani kwa mkono wangu. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mwalimu, ile ya mara ya kwanza haikukutosha?"

Niliipindua uani juu ya gunia, magurudumu juu. Kwanza ni zile pini zinazobana mikono ya pedeli kwenye ekseli. Nati ya pini unailegeza mpaka ilingane na ncha yake, lakini huitoi. Kisha unaweka kipande cha ubao na kugonga juu yake, ili nyuzi za pini, pale nati inaposhika, zisipondeke. Upande wa kushoto ulikwenda vizuri. Ikatoka pete ya nje, kikatoka kikombe, na gololi zikamwagika ndani ya sinia niliyoiazima jikoni bila ya ruhusa. Zilikuwa na vidonda kama uso wa aliyepona ndui, na ekseli imechimbika mfereji pale zinapopita. Kusafisha na kutia grisi kusingetosha tena. Ilikuwa lazima kubadilisha vyote.

Ndipo nikafika upande wa kulia, upande wa cheni, na hapo nikakaa chini kabisa. Ukingo wa kikombe kile bado una alama za tindo langu.

Wewe unazijua alama hizo. Siku ile, miaka sita nyuma, ulichuchumaa pale pale uani ukaniambia kwa adabu, "Kaka, upande huu unafunguka kinyume. Geuza kulia." Na mimi, mbele ya wageni wawili, nikakujibu, "Mimi nlikufundisha alifu, leo wewe unanifundisha nati?" Nikapiga tindo kuelekea kushoto mpaka chuma kikachimbika. Kila nilipopiga, kikombe kilizidi kukaza.

Hilo lilikuwa kosa la ujinga, na ujinga husameheka. La pili ndilo lililonikalia rohoni. Jioni ile Mama alipouliza nani kaiharibu baskeli ya marehemu, ulinitazama. Ulikuwa ukinisubiri. Mimi nikafungua gazeti. Mama akakugeukia wewe, kwa kuwa wewe ndiye fundi wa nyumba, akakusema maneno yale yote, nawe hukujitetea, kwa kuwa mimi ni mkubwa wako. Hazikupita wiki tatu ukapanda meli ya Dar es Salaam. Tangu hapo kila Idd unamwandikia Mama kurasa mbili, na mwisho wake mstari mmoja: msalimie Kaka. Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko unavyodhani.

Safari hii nilikilowesha kikombe mafuta ya taa kutwa nzima, nikaazima spana kubwa ya Mzee Jaku, nikageuza kulia kama ulivyosema. Kiligoma kidogo, kisha kikatoka bila ya ugomvi. Sababu yake, kama Jaku alivyonifahamisha, ni nyepesi. Mtu anapokanyaga pedeli, mzunguko wa gololi hukivuta kikombe cha kulia kuelekea kushoto kidogo kidogo. Kingekatwa nyuzi kama nati nyingine, kingejifungua chenyewe njiani. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na mbili na ulilijua. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu.

Nilinawa mikono nikaingia chumbani kwa Mama, nikamweleza yote, pamoja na lile la gazeti. Aliiweka tasbihi pajani. Kisha akaniuliza, "Miaka sita hii, Muhiddin, umemwandikia mara ngapi?" Nikamwambia, hata mara moja. Akasema, "Mimi sijui kuandika. Ningejua, ningekwisha kumwandikia zamani. Wewe unajua, na ndiyo iliyokuwa kazi yako. Nenda kaandike. Umwambie nlimsema bure, na mimi mama yake namtaka radhi."

Basi haya ni maneno yake, nimeyaleta kama alivyoyatoa. Na yangu ni haya: nilikukosea, Shaame. Nilikukosea kwa nati, na nilikukosea zaidi kwa kunyamaza. Nisamehe, mdogo wangu.

Usidhani nyumba imekuzoea ukiwa mbali. Siku ya samaki Mama bado anakisukuma kichwa cha changu upande wako wa sinia. Hakuna anayekigusa. Kikishapoa, Bi Mwanapili humpa paka, na Mama hujifanya hakuona. Juzi ilipita baskeli kichochoroni saa ya alasiri, inalia kama ile yetu ilivyokuwa ikilia. Sote watatu tukaisikiliza mpaka ikapita.

Nirudi kwenye kazi. Vikombe vipya nilivipaka grisi nyingi, nikapanga gololi kumi na moja kila upande, zikakaa kama punje za komamanga. Kushoto mwanzoni nilipata kumi tu. Ya kumi na moja Bi Mwanapili aliikuta ndani ya kiatu changu, akaniuliza kama ndiyo pensheni. Kikombe cha kushoto unakikaza mpaka ekseli iwe nzito, halafu unakirudisha kidogo sana, isibane wala isicheze, ndipo unafunga pete. Sasa ukiisukuma kwa kidole inazunguka bila ya sauti.

Mkono wa kushoto wa pedeli nimeufunga. Wa kulia nimeutia tu kwenye ekseli. Pini yake sikuigonga. Nimeikunja ndani ya barua hii, na kama mafuta yake yamechafua mwandiko, uniwie radhi. Darajani pini ziko tele, na Mzee Jaku keshanicheka vya kutosha, lakini sitanunua nyingine. Baskeli ya Baba iko ukumbini, Mama ameifunika kanga yake. Itakaa hivyo, haipandiki, mpaka aje mwenye pini.

Ramadhani haifiki mwezi kuingia. Huko karakana unakofanya kazi wakikupa ruhusa, njoo ufuturu nasi japo siku za mwisho, tusali Idd pamoja. Umlete Wanu amwone bibi yake wakati bibi naye bado anaona.

Nisalimie Bi Tabia, na umbusu Wanu kwa niaba yetu sote. Shangazi Khamisa wa Kizimkazi anakusalimu, na Mzee Jaku anasema kigoda chako bado kipo pale kwake dukani. Mwenyezi Mungu akuhifadhini, akufungulieni njia ya kuja na akulindeni safarini.

Ukija, nyundo utaishika wewe. Mimi nitashika ubao.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na ninayekungoja,
Muhiddin bin Msabah