Nimefuta Vumbi la Mume Wangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako na naomba uharakishe, maana mume wangu anarudi Ijumaa ijayo na Jumamosi asubuhi, kama kawaida yake, ataingia kile chumba, na mimi tangu Alhamisi neno vumbi sitaki hata kulisikia.

Mimi ni dobi. Nafua, napiga pasi, na sifa yangu mtaani ni madoa, wino, kutu, mafuta ya gari, yaliyowashinda wengine huletwa kwangu, na mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa katika kazi hii na ndoa yangu ina umri huohuo. Mume wangu ni karani wa masjala hospitalini, mtu mpole wa maneno machache, Jumatatu mpaka Ijumaa ni wangu na wa watoto, lakini Jumamosi na Jumapili, mshauri, ni za treni. Sisemi treni ya kupanda. Nasema treni ndogo, behewa moja urefu wa kiganja, zinazopita juu ya meza katika chumba cha nyuma, na majirani wamembatiza Stesheni Masta, na mimi hiyo treni nimeiita mke mwenza, nikala kiapo kwamba mke halali haendi kumwamkia mke mwenza, kwa hiyo miaka sita sikuvuka kizingiti cha kile chumba. Yeye hakunikataza. Alinikaribisha mpaka akachoka, ikawa ananiambia tu akipita, "Wikendi hii nachimba handaki," au "Wikendi hii napanda miti," nami namjibu, "Chimba, baba, ukitokea upande wa pili unisalimie watu."

Sasa kazini kwake wamempeleka mafunzo ya wiki tatu, na siku ya kuondoka, begi liko begani, akanipa ufunguo akasema, "Mama watoto, chumba changu nakuachia wewe. Uniangalizie vumbi." Nikasema haya, nenda salama.

Wiki ya kwanza niliupuuza ule ufunguo, lakini ahadi ni deni, Jumanne mchana nikaingia na kitambaa cheupe na brashi laini ya kusugulia kola. Mshauri, nilisimama pale mlangoni sijui kwa muda gani. Nilitegemea kukuta meza na vitu vya kuchezea. Meza imezunguka chumba ukuta hadi ukuta, na juu yake kuna mlima, kuna handaki, kuna mto ambao nilinyoosha kidole nione kama nitalowa, reli zimelala juu ya mataruma niliyoanza kuyahesabu nikaacha, kila taruma limekatwa kwa mkono kutoka kwenye njiti ya kiberiti, kokoto ni mchanga uliochekechwa kwa chujio langu la chai nililolitafuta mwaka mzima, nyaya za simu kwenye nguzo ni uzi wangu mweusi, miti ni dodoki lililochambuliwa likatiwa rangi, na stesheni yenyewe ina saa ya ukutani ndogo kuliko kifungo cha shati, na ina mishale yote miwili. Nikaona swichi, nikaibonyeza. Taa zikawaka kwenye madirisha ya mabehewa, treni ikatoka handakini polepole, ikavuka daraja, ikaja kusimama mbele ya jukwaa, na mimi nikajikuta nimerudi nyuma hatua moja kuwapisha abiria wanaoshuka. Nililia, mshauri. Huyu mtu ninayemfulia soksi ameumba dunia nzima hatua kumi na mbili kutoka kwenye meza yangu ya pasi, na mimi sikuwahi kuitazama.

Halafu, kwa kuwa dobi ni dobi, nikaona uchafu. Mabehewa yana kutu milangoni, bati la stesheni lina michirizi, kichwa cha treni kina masizi mgongoni, na ukuta wa chumba cha kungojea una doa la mafuta juu ya benchi, nami nikasema moyoni, maskini mume wangu, uzuri wote huu unaliwa na vumbi, ndiyo maana akaniachia maagizo. Nikakunja mikono. Siku mbili, maji ya vuguvugu, sabuni laini, spiriti kidogo pale palipokaidi, kijiti cha pamba kwenye pembe, mabehewa kumi na moja, kichwa cha treni, paa, kuta, na lile doa juu ya benchi lilinisumbua kuliko yote lakini mimi doa halinishindi, likatoka. Kila kitu kikang'aa kama kimetoka dukani leo, nikajipongeza kwa kikombe cha chai.

Alhamisi nikarudi kuitazama kazi yangu kwa raha zangu, nikaona daftari chini ya meza. Ni daftari la kazi za wikendi, miaka sita, limeandikwa kwa mwandiko uleule wa kikarani. "Jumamosi. Behewa la tatu, kutu ya mlango. Unga wa chaki nyekundu na masizi, brashi kavu." "Jumapili. Kutu ya behewa la tatu imezidi. Nimeifuta, naanza upya." "Michirizi ya mvua kwenye bati, siku mbili. Macho yanauma." Nikakaa chini sakafuni. Uchafu ule wote aliutia yeye. Kumbe treni hizi huja mpya zinameremeta, na kazi ya hawa watu wa treni ndogo ni kuzizeesha, doa baada ya doa, mpaka zionekane zimetembea, na mimi miaka yote hii natoa madoa huku mwenzangu nyuma ya ukuta anayatia.

Na hilo bado si kubwa. Stesheni ile hakuibuni. Ni ile aliyozaliwa kando yake, baba yake alikuwa mpiga kengele pale, na ilibomolewa sisi hatujajuana. Mama yake, aliyefariki mume wangu akiwa na miaka tisa na hakuacha picha hata moja, kila jioni alikuwa akikaa kwenye benchi la chumba cha kungojea kumsubiri mumewe amalize zamu, ameegemeza kichwa ukutani, na mafuta ya nywele zake yakaacha alama pale. Haya sikuwahi kuambiwa, nimeyasoma daftarini. "Doa la kichwa cha mama. Mara ya kwanza. Limekuwa kubwa." "Mara ya nne. Inaonekana rangi, haonekani mtu." Na ukurasa wa mwisho, Jumapili kabla ya safari: "Mara ya saba. Leo mama amekaa."

Nimemfuta mama mkwe wangu, mshauri, kwa spiriti.

Mdogo wangu wa kike anasema nisingizie panya. Mimi nimefikiria kuchukua chaki na masizi nilirudishe mwenyewe lile doa kabla hajaja, mara mbili nimeshika brashi, mara mbili nimeirudisha. Kitambaa nilichofutia nimekitundika msumarini na sijakifua, mimi ambaye kitambaa kichafu hakijawahi kunilalia, mikono inakataa tu. Jana amepiga simu, tumesalimiana, akauliza kwa utani, "Na vumbi langu halijambo?" nikamwambia mtandao unakatika. Niambie nifanye nini, nisije nikampoteza mtu niliyeanza kumwona juzi Jumanne. Gazeti lenu yeye hulisoma kwa ajili ya chemshabongo tu, kwa hiyo nijibu bila wasiwasi.

Ni mimi, Dobi Niliyepitiliza.

MSHAURI ANAJIBU

Dobi, barua yako ilikuwa ya arobaini kwenye foleni, nimeivusha. Nimeisoma, nikavua miwani niifute, nikasita, nikaivaa hivyohivyo na ukungu wake nikaisoma tena. Kazi yangu ni kusoma habari za wanaume ambao wikendi zao hazielezeki. Za wako zimeandikwa daftarini, moja moja, na katika hizo wikendi alikuwa anamtafutia mama yake mahali pa kukaa. Sikujua kama mkono wa mtu unaweza kufanya jambo hilo kwa chaki na masizi, na tangu jana namsimulia kila anayepita mezani kwangu.

Sasa nikukaripie, maana umekuja mwenyewe. Mtu akikuambia umwangalizie mtoto, unamfuta? Akikuambia umwangalizie chungu jikoni, unakimwaga? Alisema umwangalizie vumbi, akakupa na ufunguo, na wewe ukasikia kidobi. Ungevuka kile kizingiti hata Jumamosi moja katika miaka sita ungejua vumbi lipi ni la dunia na lipi ni la mume wako. Kwa hiyo usiilaumu spiriti. Lawama ni ya kile kiapo chako cha mke mwenza, ambacho kilikuchekesha wewe na majirani, na sidhani kama kilimchekesha yeye.

Ila nakuhurumia pia, mwenzangu. Ulifuta kwa sababu ulikipenda ulichokiona, na kila mtu akipenda kitu hukimbilia kukifanyia kile anachokijua. Mvivu angefunga mlango akaenda zake, na leo asingekuwa na kosa lolote.

Habari ya panya mwambie mdogo wako akae nayo. Panya gani huyo anayeosha mabehewa kumi na moja na kuyarudisha kwenye reli? Na hiyo brashi iweke chini. Aliyemjua mama alikosea mara sita, wewe ambaye hukuwahi kumwona utaweka nini pale? Ukitia doa la kughushi, atalitambua kabla hajavua viatu, na hapo ndipo utakuwa umempoteza kweli.

Kwa simu usimwambie, mtu asije akalia ugenini. Ijumaa aje, aoge, ale, kisha umwambie kabla hajaomba ufunguo. Sema yote, na kiapo pia ukitaje. Usianze na "ulisema mwenyewe," hata kama alisema. Atanyamaza. Najua hicho ndicho unachokiogopa. Akinyamaza usimjazie maneno, kaa hapohapo ulipo. Na usichelewe, maana chemshabongo iko nyuma ya karatasi hii unayoisoma, akiigeuza nitakuwa nimemwambia mimi.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita, nami limenikosesha utulivu. Kile kitambaa usikifue. Najua naongea na nani, na ninarudia, usikifue. Kutu ya behewa la tatu imo humo, michirizi ya mvua imo humo, na mama mkwe wako naye yumo. Kishushe msumarini bila kukikung'uta, kikunje taratibu, kitie kwenye bahasha, na ukimaliza kukiri kwako umpe mkononi. Mwambie, "Vumbi lako hili hapa, sikulimwaga." Yeye ndiye atakayejua kama linafaa kwa kuanzia tena au ni la kuwekwa tu.

Na Jumamosi akikukaribisha, ingia. Keti kwenye kigoda, umshikie taa, usiguse kitu. Akifika kwenye lile doa, mwambie unachokijua wewe kuliko fundi yeyote wa treni: jinsi mafuta ya nywele yanavyozeeka. Umeyaona kwenye foronya za mtaa mzima, yanavyoanza, yanavyobadilika rangi, ukingo wake unavyokuwa. Yeye alikuwa anakumbuka kwa macho ya mtoto wa miaka tisa, na huenda ndiyo maana ilimchukua mara saba. Safari hii atakuwa na mtu wa kumuuliza.

Na mara ya nane, mama akikaa, mwamkie. Ni mkweo, na bado hamjasalimiana.