Sikukuu Iliyolipiwa na Kampuni

Paliovrisi, 2 Juni

Kaka yangu Thimios,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za Athene, na afya yako je? Bado unakula mkate ukiwa umesimama? Sisi wazima. Mwanangu Areti anaota meno, kwa hiyo hapa halali mtu. Mume wangu Zisis anaendesha lori la maziwa macho yamevimba kama amepigwa. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako ni ya kampuni, na haya si ya kampuni.

Juzi mwenyekiti wa kijiji alibandika tangazo kwenye mlango wa mkahawa. Kampuni yako inataka kujenga jengo la mitambo ya kompyuta kule juu kwenye malisho, na kuipoza mitambo hiyo kwa maji ya chemchemi yetu. Kijiji kitapiga kura tarehe 16 Agosti, siku inayofuata sikukuu ya Bikira Maria. Chini ya tangazo kuna jina lako. Nimelisoma mara mbili, mtoto kiunoni.

Usidhani naogopa mashine. Areti alipotokwa na vipele, barabara imezibwa na theluji, daktari wa mjini Ioannina alimwangalia kwa simu, nikamshukuru Mungu na simu pamoja. Lakini mkataba uliobandikwa pamoja na tangazo unasema kampuni itachukua maji "kadiri itakavyohitaji" kwa miaka arobaini. Na sisi tunywe kadiri yatakavyobaki? Hatuna chemchemi nyingine, wewe unajua. Nijibu wewe mwenyewe, si ofisi.

Dada yako,
Lambrini


Athene, 15 Juni

Mdogo wangu Lambrini,

Barua imefika, na nimefurahi kuona mwandiko wako bado unaegemea upande kama mlevi. Afya njema, ila joto. Nibusie Areti na hayo meno yake.

Ndiyo, ni mimi. Waliponiwekea ramani mezani nikasema, pelekeni kwetu. Wabunge wamekula wanakondoo wetu kila uchaguzi tangu tukiwa watoto, na wametuachia nini? Shule wameifunga. Areti akianza darasa la kwanza atapanda basi mpaka mjini kila asubuhi. Kampuni angalau ukiipigia simu inapokea. Imeahidi kufungua shule, na kazi kwa vijana. Au unataka mtoto akue akiongea na mbuzi?

Kuhusu maji, wanasheria huandika hivyo kila mahali. Usijiumize kichwa kwa neno moja.

Halafu kuna zawadi, na wazo ni langu: mwaka huu kampuni inalipia sikukuu yote. Wanamuziki, nyama, divai. Hakuna wa kutia mkono mfukoni.

Kaka yako,
Thimios


Paliovrisi, 4 Julai

Kaka yangu,

Natumai joto limekuonea huruma. Hapa jino moja limetoka, la pili linajifikiria.

Habari ya sikukuu imepokelewa vizuri, sitakuficha. Shangazi Polikseni amesema, "Miaka yote nalisha watu, leo nalishwa mimi. Mwambie Thimios namwombea mke, hata asiyejua kupika."

Kuhusu wabunge unasema kweli. Lakini mbunge tunaweza kumtoa, hata kama tunachelewa. Kampuni tukiichoka, tunamtoa nani? Na shule naitaka kuliko wewe, maana ni mimi nitakayemfunga mtoto viatu gizani. Ndiyo maana nimeitafuta kwenye mkataba. Maji yamo. Shule haimo. Nimetafuta hata nyuma ya karatasi.

Njoo kwenye sikukuu, ukae nasi mkutanoni, utuonyeshe ilipo. Usipokuja nitapiga kura ya hapana, na nitakupenda vilevile.

Dada yako,
Lambrini


Paliovrisi, 18 Agosti

Thimios,

Natumai u mzima, maana barua hukujibu na sikukuu hukuja. Sisi wazima, ila miguu inauma.

Acha nikuambie ilivyokuwa. Kwetu kila ukoo una zamu yake: unampa mpiga klarineti noti ya pesa, unataja wimbo wako, unaongoza duara la wachezaji. Mwaka huu aliyelipa ni meneja wenu, basi akaitwa yeye kwanza. Mtu mpole, kavaa fulana ya kampuni, hajui hatua hata moja. Akikosea kwenda kulia, uwanja mzima unamfuata kulia. Mzee Perikli, mpiga klarineti wetu, akapiga nyimbo zilizopangwa na ofisi, za harusi tupu. Tukala, tukacheka, nami nilicheka.

Kisha Shangazi Polikseni akainuka na noti yake kuomba wimbo wa marehemu mumewe, ule wa walioondoka wasirudi. Hakuna mwaka alioacha kuucheza tangu amzike. Perikli akamrudishia noti, macho chini.

"Nimeshalipwa, mama. Na huo haumo. Wamesema iwe sikukuu ya furaha."

Shangazi akabaki amesimama katikati ya uwanja.

"Yaani hata kulia kwangu kumeshalipiwa?"

Hakupaza sauti. Lakini watu waliweka uma chini. Mwenyekiti wetu, ambaye huchukua nusu saa kuamua kahawa gani anywe, ndiye aliyevua kofia akaanza kuipitisha mezani. Ilipojaa pesa, Perikli akaenda kwa meneja akamrudishia bahasha yake ya malipo kwa adabu, akamwambia, "Kaa, kula. Wewe ni mgeni wetu." Tukaanza upya, Shangazi mbele. Alicheza akilia, na hakuna aliyemharakisha. Zamu yetu ilipofika niliongoza mimi, Areti begani, nikaomba wimbo wa baba.

Asubuhi yake mkutanoni hakuna aliyesinzia. Hapana yangu niliiweka kando, kwa sababu tulifanya kitu kingine: tuliandika upya ukurasa wa maji. Kijiji kinywe kwanza. Miaka kumi, si arobaini. Mita ya maji iwe pale pale kwenye chemchemi, kila mpita njia aisome. Na shule iandikwe, ifunguliwe kabla ya jengo. Wakikubali, karibu. Wakikataa, safari njema. Mikono karibu yote ilipanda. Meneja ameuchukua ukurasa huo kuja nao Athene.

Hakuna aliyekutukana, isipokuwa Zisis kidogo.

Dada yako,
Lambrini


Athene, 20 Septemba

Lambrini,

Natumai nyote wazima, na kwamba Zisis amechoka kunitukana.

Barua yako ya Julai ilinipeleka kuusoma mkataba wote. Kabla ya hapo nilikuwa sijausoma. Shule kweli haimo. Nikauliza, nikaambiwa itakuja baadaye. Niliona aibu kukuandikia hilo, na nikaogopa kupanda basi kuja.

Ukurasa wenu umefika. Siku ya kwanza wakubwa walicheka. Kisha kijiji cha ng'ambo ya bonde, ambacho nacho tumekiomba maji, kikatuma ukurasa huohuo, wamebadilisha jina la chemchemi tu, na kicheko kikaisha. Sasa wamekubali miaka kumi, na mita. Kuhusu shule, na nani anywe kwanza, wanataka kuja kuzungumza nanyi mwezi Oktoba.

Nitakuja nao. Nitakaa upande wao wa meza, Lambrini. Ndiyo kazi yangu, na bado naamini jengo hili linaweza kutufaa, likibanwa vizuri. Kwa hiyo tubaneni. Usinihurumie mbele ya watu.

Kaka yako,
Thimios


Paliovrisi, 27 Septemba

Kaka yangu,

Tu wazima, tunakusubiri. Areti sasa anatembea, na anavuta kila kilicho mezani, basi linda karatasi zako.

Fika siku moja kabla ya mkutano, ulale, kitanda nimekitandika. Mkutanoni nitakuita Bwana Thimios, na swali la kwanza ni langu: shule inafunguliwa mwezi gani? Usituletee "baadaye", tunazo nyingi. Wenzangu wameshagawana maswali mengine, hata Shangazi analo la kwake na hataki kunionyesha.

Ukishajibu, jibu lolote lile, unakuja nyumbani kula. Hilo halipigiwi kura.

Dada yako,
Lambrini