Nilikataa Majani, Wakasikia Nimekataa Kijana

Shangazi Nelius, salamu. Nakuandikia kwa sababu pasta aliniambia niombe, na nimeomba mpaka magoti yamechubuka na bado binti yangu Karwirwa hataki kuniongelesha. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Laare, niliokoka mwaka wa tisini na nne, na tangu siku hiyo sijatafuna miraa hata kijiti kimoja, na watu wote wanajua msimamo wangu maana huwa nawakumbusha. Sasa mwezi jana wazee wa kina Riungu, kijana anayetaka kumwoa Karwirwa, walikuja na ncoolo, kile kibunda cha miraa kilichofungwa kwa jani la mgomba, ambacho kwetu baba wa msichana akikipokea basi mazungumzo ya ndoa yamefunguka, na mimi nikasimama mlangoni nikawaambia kitu hicho hakiingii nyumba iliyookoka, warudi na mkate na majani chai, wakanitazama, wakageuka, wakaenda bila hata kuonja uji, na sasa nasikia wanasema nimemkataa kijana wao, ilhali kijana nampenda, ni mwalimu, anaimba kwaya, mimi nilikataa majani tu. Mke wangu Kiende ananipakulia chakula, kisha anaenda kula jikoni. Karwirwa alifunga sanduku akaenda kwa shangazi yake kule Mitunguu, na kabla ya kutoka akaniuliza, "Baba, na hii mabati iko juu yetu ni ya majani gani?" Ni kweli nina miti mia mbili ya miraa, lakini mimi nauza tu, situmii. Mtu akisimama na imani yake, amekosea wapi?

Baba Karwirwa, Laare

Baba Karwirwa, pole, na nasema kwa dhati, kwa sababu nyumba iliyohamwa na binti ina baridi hata ikiwa na mabati mapya. Kutotafuna ni vizuri. Meno yako yanakushukuru. Lakini imani yako ina saa za kazi za ajabu: alfajiri inachuma, inafunga, inapakia pikapu ya kwenda mjini Maua, halafu mgeni akibisha na kibunda kimoja, inaokoka. Miraa ikitoka mlangoni kwako ni biashara, ikiingia ni dhambi.

Wale wazee hawakuja kukutafunisha. Walikuuliza swali kwa lugha mliyolelewa nayo, na wewe, Mmeru mzima, ukajibu hapana, kisha unashangaa wamesikia hapana. Miaka yote hiyo msimamo wako haujakunyima kitu, na siku msimamo huo ulipodai malipo, aliyelipa ni Karwirwa.

Fanya hivi. Jumamosi chuma mwenyewe miraa bora ya shamba lako, funga kwa jani la mgomba, upeleke kwa kina Riungu. Waambie ulikosea, warudi na yao, utaipokea kwa mikono miwili. Watacheka, waache wacheke. Yao ikija, mpe ndugu yako ambaye hajaokoka. Ukishindwa kubeba kibunda hicho, basi ng'oa miti yote mia mbili, ndipo usimame tena mlangoni na imani yako, na mimi nitakuamini.

Lakini kwanza pitia Mitunguu. Usihubiri. Mwambie Karwirwa swali lake la mabati umelisikia.