Saruji Kwenye Ukuta wa Bi Tahera

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimemaliza kupiga lipu ukuta wa nyuma wa nyumba kongwe ya matofali ya Bi Tahera. Saruji tupu, siku tatu! Mafundi wa chokaa wangekaa mwezi, wanailoweka shimoni kama wanalea kichanga. Bi Tahera kanishukuru: "Twalib mwanangu, mkono wako mwepesi." Mwepesi tu? Bagamoyo nzima mkono huu hauna wa pili! Barazani nikawaambia matofali yale aliyachoma babu yangu, elfu arobaini, peke yake, chui akimlindia tanuri. Ashatu wa vitumbua akacheka: "Mjomba, juzi alikuwa simba!" Mwache.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua siku kumi. Ukuta umevimba! Nimeugonga — unalia kama mtungi mkavu. Matofali ya kale hunyonya maji ardhini, chokaa huyaachia yatoke. Saruji yangu imeyaziba. Ndani matofali yamekuwa unga. Marehemu baba aliniambia haya, nikiwa darasa la nne, mwaka ule ule nilioacha shule. Nilisikia. Sikushika.

Jumatano, 21 Mei
Kaja Bi Habiba, mkaguzi wa majumba ya kale. Kabandua kipande, kauliza nani katia saruji. Nikakohoa. Bi Tahera akawahi: "Mimi. Fundi alikataa, nikamlazimisha." Uongo mtupu — ananisitiri! Habiba kaandika kuwa mwenye nyumba hawezi tena kuitunza, asiachwe humo peke yake. Na Bi Tahera kaingia mle bibi harusi, kwa mlango ule wa nakshi. Kazalia mle, chini ya boriti zile za mikoko. Mumewe kafia mle. Mimi nikaokota mwiko wangu, nikaenda zangu. Mimi, mwenye mdomo huu!

Ijumaa, 23 Mei
Moiz, mwana wa Bi Tahera, kaja na pikapu kutoka Dar kumhamisha. Anashusha masanduku kutoka ghorofani. "Mama, si umejitakia mwenyewe?" Kwa upole, lakini kasema. Mama anaviringisha birika kwenye kanga.

Ngazi yao nyembamba. Nimekaa chini kabisa, godoro alilobeba Moiz halipiti.

"Kaka Twalib, nipishe."

Sijapisha. Nimemwambia aliweke chini, saruji ile ni yangu, mama yake hajui hata mfuko wake ukoje. Kanikodolea macho. Kasema basi nirudie mbele ya mama, kapanda kumwita.

Naandika hapa hapa, nisije nikatia chumvi. Nasikia ndara za Bi Tahera juu. Anagomba: "Mwambie Twalib aondoke, asinivunjie heshima!"

Siondoki. Wanashuka —